Madini ya Damu kwa Wagonjwa wa Mafigo

Ndugu wanachama, baadhi yenu mna jamaa wanaosafishwa damu kwa mashine, na mwajua ni pishi ngapi za karafuu huuzwa kwa ajili ya nauli na malipo ya kazi hiyo. Yafaa basi tufahamu jambo moja: mashine haimalizi kazi. Iliyobaki hufanywa jikoni.

Mafigo mazima huchuja damu usiku na mchana. Mashine, kwa desturi, hufanya kazi saa 4, mara 3 kwa juma. Yaani saa 12 katika saa 168. Wako wapatao mara 2 tu. Katika saa zilizobaki, madini ya chakula hukusanyika katika damu. Yanayotuhusu zaidi ni matatu: potasiamu, fosforasi na kalisiamu, ambayo ndiyo chokaa ya mifupa.

Potasiamu ndiyo yenye haraka. Ikizidi, viungo hulegea na moyo huweza kusimama ghafla. Uchunguzi wa wagonjwa 32,065 wa Marekani, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa vifo huzidi mwisho wa zile siku 2 za juma zisizo na mashine. Madini na maji yaliyojikusanya yanadhaniwa kuwa miongoni mwa sababu.

Fosforasi hudhuru polepole. Ikizidi, tezi ndogo nne za shingoni huzidisha kazi, zikavuta chokaa kutoka mifupani. Mifupa hudhoofika, na chokaa ile pamoja na fosforasi huganda katika mishipa ya damu, mishipa ikawa migumu na moyo ukataabika. Mgonjwa huenda asihisi kitu ila kuwashwa mwili.

Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 40,000 wa Marekani. Fosforasi ilipozidi miligramu 5 katika desilita moja ya damu, vifo vilikuwa vingi zaidi. Mwingine wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa waliodumu katika kiwango muda mrefu zaidi ndio waliopona kufa zaidi. Chunguzi hizi hazithibitishi kuwa madini peke yake ndiyo yaliyoua, lakini zatupa sababu ya kuwa waangalifu. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa jambo hili: jua la siku moja halikaushi karafuu, sharti lifuatane. Kadhalika, kipimo kizuri cha mwezi mmoja hakitoshi.

Sasa tutazame sahani mbili. Huko Munanila, nyanda za juu za Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, katika nchi iliyokuwa ya Wilaya ya Kasulu na leo ni ya Buhigwe, watu hula ugali, maharage na ndizi, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wakipatikana. Kwetu visiwani ni muhogo, mbatata, samaki, na dafu la kuteremshia. Sahani si sawa, lakini hatari ni moja. Ndizi, mbatata, muhogo, maharage, tungule, machungwa na maji ya dafu vina potasiamu nyingi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi. Na anayekaa mbali na mashine, akikosa gari au chombo siku moja, sahani yake ndiyo itakayomwokoa au kumwangamiza.

Twashauri haya, kwa idhini ya daktari wake:

1. Mbatata, muhogo na ndizi zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, na maji yale yamwagwe. Yasifanywe mchuzi.

2. Soda nyeusi na nyama za kopo ziachwe. Fosforasi inayotiwa kiwandani huingia mwilini karibu yote, kuliko ile ya maharage.

3. Dawa ya kuzuia fosforasi imezwe pamoja na chakula. Ikimezwa tumboni mtupu, kazi yake hupotea. Tena isizidishwe, maana nyingine ni chokaa.

4. Chumvi zinazouzwa badala ya chumvi ya kawaida zisinunuliwe kabla ya kuuliza. Nyingi ni potasiamu.

5. Asinyimwe samaki, nyama wala mayai kwa hofu. Mashine huondoa na lishe pia, na mgonjwa aliyekonda hana nguvu ya kuishi.

Kila damu inapopimwa, ulizeni hesabu za madini haya matatu na kuziandika katika daftari. Anayepika naye azijue, maana yeye ni msaidizi wa daktari kila siku ya juma.