Jumamosi Tunapanda Ndege Bila Kutoka Uani



Wengi wenu mmetuuliza, sokoni na kwenye likelemba: ni kitu gani kinachonguruma uani kwetu kila Jumamosi alasiri, kama mashine ya kusaga mihogo inayowaka na kuzimika? Si mashine ya kusaga. Ni ndege. Na kwa kuwa watoto wenu wengi wamekwisha kuipanda, ni haki yenu kujua wanafanya nini humo, na kwa nini tumeomba neno hili lisemwe katika mkutano ujao.

Tuna kompyuta moja ya mkononi, iliyokwisha kutumika. Ndani yake kuna programu ya kuigiza urubani inayoitwa FlightGear. Hailipiwi. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walianza kuitengeneza miaka ya 1990, nao huigawa bure kwa yeyote anayeitaka. Ndugu yetu mmoja aliileta kutoka Bukavu kwenye flashi, pamoja na ramani ya upande wetu, na tangu siku ile haituombi intaneti. Umeme wake ni wa jua. Betri ikijaa vizuri, tunapata karibu saa tatu. Mvua ikianza asubuhi, hakuna ndege siku hiyo, na watoto wanasema: "Ni kama Kindu kwenyewe."

Chumba cha rubani walikijenga wenyewe kwa makartoni ya sabuni. Vifuniko vya bidoni za mawese wamevigeuza saa za kupimia. Kiti ni kile cha mwalimu. Usukani hatuna, tunaongoza kwa kipanya. Mmoja ni rubani, wa pili anasoma vipimo kwa sauti, wa tatu ana ramani, na wengine wote ni abiria wanaokaa kwenye mkeka nyuma yake na kulalamika kama abiria wa kweli.

Chombo cha zamani kuliko kompyuta

Msidhani kwamba jambo hili ni upuuzi wa vijana wa siku hizi. Mwaka 1929, huko Marekani, kijana aitwaye Edwin Link alitengeneza sanduku lenye umbo la ndege ndogo, linaloinama na kugeuka bila kutoka chini. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na ogani, basi kijana alichukua mivukuto ya ogani, jamaa ya ile ya wahunzi wetu, akaifanya iinue na kuinamisha sanduku lake. Watu walilichukua kama pembea ya watoto. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na kwa majuma machache tu marubani kadhaa wakafa ndani ya ukungu na dhoruba kwa sababu hawakuzoea kuongoza kwa vipimo bila kuona nje. Hapo ndipo jeshi likanunua masanduku ya Link. Hata leo rubani wa ndege kubwa hufundishwa katika chombo cha kuigiza kabla ya kukabidhiwa abiria, maana humo anaweza kukosea na kesho akarudi.

Sisi walimu jambo hilo ndilo lililotupendeza kwanza: mahali ambapo mtoto anakosea, haumii, hachapwi, anaanza tena.

Safari tunazozipenda

Ya kwanza ni Kindu hadi Kasongo. Tunaondoka Kindu kwa ndege ndogo ya Cessna 172, tunaufuata Lualaba kuelekea kusini, kinyume na maji. Wengi wetu tunaijua njia hiyo kwa lori lililozama matopeni, au kwa pikipiki, mtoto mgongoni. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 190. Tukikaribia mahali pa Nyangwe, mwenye ramani anasimamisha mazungumzo na kusema tuko wapi. Hapo ndipo penye soko ambalo, mwezi wa Julai 1871, watu wa wafanyabiashara ya watumwa walilipiga risasi, wakaua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao. Livingstone alikuwapo, aliona kwa macho yake. Watoto wanalisikia jambo hilo darasani na kulisahau. Wakiwa juu ya mto, wananyamaza wenyewe. Kisha tunageuka kushoto, tunauacha mto, tunatafuta Kasongo.

Ya pili ni Goma. Wavulana hasa wanaipenda, kwa ajili ya Nyiragongo, mlima wa moto wenye kimo cha karibu mita 3,470 karibu kabisa na mji. Mwezi wa Januari 2002 moto wake wa kuyeyuka ulishuka mjini, ukafunika hata sehemu ya njia ya kurukia ndege. Wanapozunguka mlima ule wanauliza maswali ambayo sisi wenyewe tulilazimika kuyatafutia majibu vitabuni.

Ya tatu haiendi popote. Unapaa, unauzunguka uwanja, unatua, unapaa tena. Ni hiyo inayofundisha zaidi. Mtoto mgeni, ndege ikipungua mwendo na kuanza kuanguka, huvuta pua yake juu kwa nguvu zote, na ndipo inaanguka kabisa. Anayejua anafanya kinyume: anaishusha pua, ndege inapata mwendo, mabawa yanashika hewa tena, ndipo anapanda taratibu. Inachukua Jumamosi nyingi mkono kukubali jambo ambalo kichwa kimekwisha kuelewa.

Ya nne ni yenu, mama. Mmoja wetu, ambaye binti yake ameolewa Kindu na hawajaonana tangu mjukuu azaliwe, aliomba asiendeshe, apelekwe tu. Alivaa kitenge chake kizuri, akakaa kwenye mkeka na kikapu mapajani. Watoto walimpeleka. Dakika hamsini nzima hakusema neno, na ndege ilipogusa chini alisema: "Kumbe si mbali." Kisha akakaa kimya tena.

Hesabu inayoingia bila kubisha

Mwendo wa ndege hupimwa kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Basi noti 120 ni karibu kilomita 222 kwa saa. Kilomita 190 zitachukua muda gani? Kama dakika 51. Na upepo ukitupiga usoni kwa noti 20? Tunabaki na noti 100, yaani kilomita 185 kwa saa, nasi tutafika kwa dakika 62 hivi. Mafuta yanatosha? Watoto wale wale waliokuwa wakilala kwenye somo la sehemu na uwiano wanagombana juu ya majibu, maana anayekosea anatushusha sote msituni.

Safari ya kwenda Kabambare

Sasa tuwaeleze jambo ambalo lilitufanya tutake kuacha.

Kati ya watoto wetu yupo msichana wa miaka 12, aliyekuja Kasongo na mama yake wakikimbia vita vya vikundi vyenye silaha upande wa Kabambare. Zamu yake ilipofika hakutaka Goma wala Kinshasa. Alisema: "Nataka kwenda kwetu." Tulifurahi. Tulimpimia njia kwenye ramani: mashariki, kusini kidogo, karibu kilomita 120, nusu saa. Alirusha vizuri, akaukuta mto Luama, akaufuata kutafuta kijiji chao.

Hakikuwapo. Programu ile inachora mito, misitu na milima, na barabara chache. Nyumba zetu za vijijini haizijui. Palikuwa kijani tu. Msichana alizunguka, akashuka chini, akazunguka tena. Wenzake walianza kumwambia zamu imekwisha. Ndipo akasema: "Mwalimu, wamepaondoa." Akalia mpaka tukazima kompyuta.

Kesho yake mama yake alikuja, na hakuja kusalimia. Alituambia: "Mmemtonesha mtoto kidonda, kwa mchezo." Hatukuwa na la kujibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulikuwa tumefikiri juu ya dira na dakika, hatukufikiri mtoto anaenda kutafuta nini. Tulimwomba radhi, naye akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na binti yake. Alikaa karibu na kiti cha rubani na kusema: "Rushe nione." Walipofika kwenye mto, mama akaanza kuongoza: "Hapana, bado. Kwetu ni mbele, mto unapopinda kuelekea mlimani. Hapo. Hapo ndipo tulipochota maji." Akaomba kipande cha kartoni na kalamu. Waliandika pamoja, mama na mtoto: kisima, masomo, msikiti, mwembe mkubwa, shamba la mpunga, nyumba ya bibi. Kartoni ile sasa imebandikwa mbele ya rubani. Watoto wengine wa upande ule wamekuja kuongeza vijiji vyao, na hata baba mmoja alisimama akasahihisha njia.

Hawajarudi kwao, wala hatujui watarudi lini. Lakini msichana yule haulizi tena nani amepaondoa. Wakifika kwenye pindo la mto yeye ndiye anayewaonyesha abiria: kulia kwenu mnaona kwetu.

Wasichana na maji

Mwezi wa kwanza tulihesabu zamu, tukaona aibu: karibu zote zilikuwa za wavulana. Hakuna aliyewafukuza wasichana. Walikuwa mtoni, au kwenye kinu, na walipofika betri ilikuwa imekwisha. Sasa wasichana ndio wanaoanza, na tunawaomba mama: siku ya Jumamosi, kaka na ashike bidoni.

Msiseme urubani si kazi ya binti. Bessie Coleman, binti mweusi wa Marekani, alikataliwa na shule za urubani za nchi yake. Alijifunza Kifaransa, akavuka bahari, na mwaka 1921 akapata kibali chake Ufaransa. Na jirani yetu wa Kenya, Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa ndege kubwa ya Boeing 787.

Hatutawadanganya: kompyuta yetu haitoi rubani. Shule ya urubani ni ghali mno, na njia yake ni ndefu. Lakini kabla ya urubani, na kabla ya udaktari au ufundi, kuna hesabu na fizikia. Wasichana wanne wa masomo yetu ambao mwaka jana walisema hesabu ni ya wavulana, mwaka huu wameketi mstari wa mbele.

Neno la mkutano ujao

Betri imechoka. Ilikuwa saa tatu, sasa ni saa moja na nusu, na mama mmoja alituuliza wazi: "Watoto hawajashiba, nanyi mnataka sanduku la kikundi linunue ndege?" Ni swali la haki, wala hatukumkasirikia.

Pendekezo letu ni hili. Sanduku lisiguswe, maana ni la mbegu na la wagonjwa. Tupewe mkopo mdogo wa betri, na siku za juma betri ile ichaji telefoni za majirani kwa faranga, kama wengine wanavyofanya sokoni. Daftari litakuwa wazi kwa kila mmoja. Mkopo ukirudi, faida iingie sandukuni. Ikionekana kwa miezi mitatu hairudishi, tutaiuza, na Jumamosi tutarudi kwenye kusimulia hadithi, ambako nako hakukosi utamu.

Mama yule wa Kabambare amekwisha kusema atapiga kura gani. Ninyi mje mseme yenu. Na anayetaka kujua kabla ya kuamua, aje Jumamosi alasiri, baada ya sala. Mkeka wa abiria una nafasi. Mje na kartoni, moja tu, maana bawa la kushoto lilinyeshewa.