Tabo Mwinukoni: Injini za Impreza na Lancer kwenye Barabara ya Sachangwan

Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret huanza kupanda kutoka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ikapita Salgaa na Sachangwan kuelekea Mau Summit, na kadiri inavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, hata kwenye mwinuko wa mita 2,500 kanieneo ya hewa huwa karibu robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza hapo takriban robo ya nguvu zake. Injini yenye tabo hustahimili zaidi, lakini ustahimilivu huo una gharama ambayo wengi wanaonunua Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Lancer Evolution zilizotumika Japani hawaelezwi.

Tabo ni mapangaboi mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja, ambapo moja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda na jingine huikandamiza hewa inayoingia. Geji ya tabo haionyeshi kanieneo yote ya hewa hiyo, bali ziada iliyo juu ya hewa ya mahali gari lilipo. Kwa hiyo geji ikisoma baa 1 Mombasa, injini hupokea baa 2, ilhali geji hiyo hiyo ikisoma baa 1 kwenye mita 2,500, injini hupokea baa 1.75 tu. Ili kuzifikia baa 2 huko juu, tabo hulazimika kuizidisha kanieneo ya hewa mara 2.67 badala ya mara 2, jambo linaloifanya izunguke kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto. Ndiyo maana kompyuta ya kiwandani katika Subaru nyingi hupunguza msukumo wa tabo mwinukoni, na kushuka huko kwa geji si ugonjwa.

Magari yote mawili yameshinda Safari Rally, Lancer mwaka 1996 kwa Tommi Mäkinen na Impreza mwaka 1997 kwa Colin McRae, lakini injini zake zina tabia tofauti. Injini ya EJ20 ya Subaru ina bloku ya alumini, silinda zake zimelala mbili kila upande, na pistoni yenye upana wa milimita 92 husafiri milimita 75 tu; 4G63 ya Mitsubishi ina bloku ya chuma, silinda zake zimesimama kwa safu moja, na pistoni yenye upana wa milimita 85 husafiri milimita 88. Katika matoleo mengi ya zamani ya Subaru, moshi hukusanywa kutoka pande mbili kabla ya kuifikia tabo na hupoteza joto njiani, hivyo mpandoni, ambako moshi wenyewe ni haba, dereva huusubiri msukumo kwa muda mrefu zaidi.

Hatari kubwa ya marekebisho ya kuongeza msukumo wa tabo ni hii. Fundi anayekaza kidhibiti cha mkono cha msukumo hadi geji isome baa 1.3 kwenye mwinuko wa Sachangwan huipa injini baa 2.05, lakini gari hilo likishuka pwani na geji isibadilike, injini hupokea baa 2.3, na kama mgao wa petroli na muda wa cheche havikupimwa kwa kiasi hicho, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati, injini hugonga, na kuta nyembamba zinazotenganisha pete za pistoni hupasuka. Petroli ya super ya Kenya, yenye oktani ndogo kuliko ile ya daraja la juu ya Japani, huongeza hatari hiyo.

Gari likikosa nguvu mpandoni na kutoa moshi mweusi, mipira ya hewa ichunguzwe kwanza, kwa kuwa hewa iliyokwisha kupimwa huvuja, kompyuta huendelea kutoa petroli yake, na tabo isiyo na akiba tena huko juu hushindwa kuifidia. Njia ya hewa huzibwa, hujazwa hewa kwa pampu na kupakwa maji ya sabuni kwenye viungo. Moshi wa buluu huelekeza kwenye oili, ingawa chanzo chaweza kuwa bomba la kurudisha oili lililoziba, si tabo yenyewe. Baadhi ya injini za Subaru zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili iendayo kwenye tabo, na tabo mpya iliyofungwa bila kukisafisha hukosa oili na kuharibika kama ile ya kwanza.