Nguo ya kuogelea haifii majini

Jumamosi mchana, mvua ikishapumzika, njia zinazoshuka kutoka Miembeni kuelekea ziwani hujaa watu. Kuna vijana wenye mpira, kuna wazazi walioshika watoto mikono, na kuna waliokwisha kuvaa bukta za kuogelea ndani ya suruali ili wakifika ufukweni wasipoteze muda. Mji wa Bukoba umekaa ukingoni kabisa mwa Ziwa Victoria, ambalo Wahaya huliita Lweru, na kuogelea hapa hakuhitaji kiingilio. Jioni watu hao hao hupanda kurudi nyumbani, nguo zao mbichi zimeviringishwa na kusukumiwa chini kabisa ya begi.

Uharibifu huanzia hapo.

Baada ya miezi michache kostiumu iliyokuwa ikibana vizuri huanza kulegea kiunoni, rangi inapauka, na sehemu ya makalio inakuwa nyepesi kiasi cha kuonyesha ngozi ikilowa. Wengi husema ilikuwa feki, au ziwa limeila. Mara nyingi si kweli. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari wala klorini ya bwawa la hoteli, kwa hiyo nguo inayoogelewa Bukoba ina nafasi ya kudumu kuliko inayoogelewa Dar es Salaam. Kinachoiua ni yale yanayoifika ikishatoka majini: jua, mchanga, sabuni kali, kukamuliwa kwa nguvu na kufungiwa mbichi.

Lebo ya ndani inaeleza sababu. Kwa kawaida husomeka nailoni au poliesta asilimia 80 hivi, na sehemu iliyobaki ni spandeksi, uzi unaofahamika zaidi kwa jina la biashara la Lycra. Uzi huo ulibuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, wakati watengenezaji wakitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira kwenye nguo za ndani za kubana. Unavutika mara tano au zaidi ya urefu wake, kisha unarudi ulipokuwa. Nailoni huipa nguo uimara, spandeksi huipa mshiko. Spandeksi ikikatika, nailoni hubaki imening'inia mwilini bila kazi.

Kukatika huko kunaonekana kwa macho. Shika sehemu ya kiuno ya kostiumu kuukuu, ivute taratibu mbele ya dirisha. Utaona vinyuzi vyeupe, vyembamba kuliko unywele, vimechomoza nje ya kitambaa. Ukiivuta karibu na sikio na kusikia mlio mkavu wa kupasuka-pasuka, spandeksi imekwisha kufa, na hakuna fundi cherehani wa kuirudisha.

Jua la Bukoba ni adui wa kwanza. Mji uko kusini kidogo tu mwa ikweta, chini ya nyuzi mbili, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya adhuhuri hapa ni mikali hata siku yenye ubaridi. Nguo iliyoanikwa juani kutwa nzima huchuja rangi, nailoni nyeupe hugeuka manjano, na spandeksi hukauka na kukatika kama mpira wa manati uliosahauliwa juu ya bati. Kivuli chenye upepo kinatosha, kwa sababu kitambaa hiki hakinywi maji mengi kama pamba na hukauka upesi.

Kivuli nacho kina masharti yake katika mkoa huu wa Kagera. Wengi hufunga kamba ya kuanikia kati ya migomba nyuma ya nyumba, na utomvu wa mgomba ukidondokea nguo huacha doa la kahawia iliyokolea lisilotoka kwa sabuni yoyote. Baraza ni salama zaidi. Nguo ilazwe juu ya kamba, si kuning'inizwa kwa mikanda ya mabegani, kwa kuwa uzito wa maji huvuta mikanda hiyo mpaka ikarefuka.

Adui wa pili ni usafi uliopitiliza. Mwenye nyumba anayetaka nguo itakate hufikia chupa ya Jik bila kufikiri. Bwawa la kuogelea lililotunzwa vizuri huwa na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na kiasi hicho kidogo tu hudhoofisha spandeksi kadiri miezi inavyopita. Jik ya dukani ina dawa ya klorini takriban asilimia 3 na nusu, yaani maelfu ya mara zaidi. Kuloweka kostiumu humo, hata ukiichanganya na maji, ni kuifupishia maisha ndani ya siku moja. Na anayepanga kuongeza siki ili kuondoa harufu asithubutu kuichanganya na Jik: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Sabuni ya mche nayo ni kali kwa nyuzi hizi, hasa ikisuguliwa moja kwa moja juu ya kitambaa, na dawa ya kulainisha nguo huacha utando unaopunguza mshiko.

Kinachotakiwa ni kidogo mno. Beseni la maji ya baridi, sabuni ya maji kidogo au shampuu, na dakika tano. Kwanza nguo isuuzwe kwa maji matupu ili mchanga, jasho na mafuta ya mwili vitoke, maana mafuta ya kujipaka, yawe ya nazi au ya kuzuia jua, hung'ang'ania kwenye nyuzi na kuzichakaza. Kisha ibonyezwe kwa viganja ndani ya povu, bila kufikicha, isuuzwe tena mara mbili, na ilazwe juu ya taulo. Taulo liviringishwe pamoja nayo na kukandamizwa mpaka linywe maji. Kukamua kwa kusokota, kama mtu anavyokamua dekio, hukata spandeksi kila mara. Mchanga uliojificha kwenye mishono ukung'utwe nguo ikishakauka. Ukiuvuta kwa kucha nguo ikiwa mbichi unakitoboa kitambaa. Pasi haihusiki kabisa.

Maji mazuri ya kazi hii yanatoka juu. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma, na maji ya paa la bati, yakishaosha vumbi la mwanzo, ni laini na husuuza sabuni upesi.

Kuna sababu nyingine ya kutumia maji ya mvua au ya bomba badala ya kusuuzia nguo ziwani, nayo inahusu afya ya mvaaji. Mwambao wa Ziwa Victoria, ukiwemo upande wa wilaya ya Muleba na visiwa vyake kama Bumbire, una kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, huishi majini kwa siku moja hadi mbili, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Hupatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Anayekaa saa nzima ufukweni na nguo iliyolowa anaendelea kujiweka karibu na maji yale yale. Kuvua, kujifuta kwa taulo na kuvaa nguo kavu kunapunguza hatari kiasi, ingawa hakuiondoi. Mwenye maumivu ya tumbo au damu kwenye choo aende kupima, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Nguo mbichi mwilini pia hukaribisha fangasi, hasa kwa wanawake.

Wakati wa kununua, lebo isomwe kabla ya bei. Anayeogelea kwenye bwawa kila wiki atafute poliesta iliyoandikwa PBT, inayohimili klorini kuliko nailoni yenye spandeksi nyingi. Kwa mitumba tahadhari iwe kubwa zaidi. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na kostiumu hugusa ngozi ile ile.

Yote haya yana uzito zaidi ya urembo wa ufukweni. Bukoba ni mji ambao haujasahau Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Watoto wa mwambao wanahitaji kujua kuogelea, na nguo inaweza kuwa kizuizi au mlango. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulioanzishwa Nungwi mwaka 2011 uliwapa wasichana mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote, wakaweza kuingia majini na kujifunza bila kwenda kinyume na maadili ya nyumbani kwao.

Mavazi ya aina hiyo yana kitambaa kingi na huchelewa kukauka. Katika masika ya Kagera, usiku mmoja hautoshi. Shule au kikundi kinachofundisha watoto kuogelea kikiweza kupata seti mbili kwa kila mtoto, moja ivaliwe na nyingine ipumzike barazani kwa siku nzima, zote zitadumu zaidi, kwa sababu spandeksi iliyovutwa huhitaji muda wa kurudi. Na ile iliyokwisha kulegea isipelekwe tena majini, kwani huvuta maji na kumlemea mtoto anayejifunza. Ikatwe, mikanda yake itumike kufungia nywele.