Usafi Mkubwa wa Nyumba Ufuate Upepo

Wiki moja kabla ya Idi, nyumba za Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa hupinduliwa juu chini. Makochi yanatolewa uani, mazulia yanalowekwa, mapazia yanashushwa, godoro linasuguliwa kwa sabuni ya unga. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na tarehe. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko mwaka wa Januari hadi Desemba, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2024 Idi el-Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili, katikati ya masika yaliyoleta mafuriko. Kochi lililooshwa wiki ile liliingia sikukuu likiwa bado bichi ndani ya sponji. Mara ya mwisho Idi hiyo kuangukia Julai, mwezi ambao huku pwani kila kitu hukauka, ilikuwa 2016.

Usafi mkubwa una kazi mbili, kulowesha na kukausha, nasi huwa tunapanga ile ya kwanza tu. Kitambaa, sponji au ubao usipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Harufu ile ya "nyumba iliyofungwa" ambayo watu huifukuza kwa udi mara nyingi ni kuvu hiyo iliyopandwa na ndoo ya maji kwa nia njema. Basi kabla ya kuuliza kazi itafanywa na nani, uliza itakauka na nini.

Wazungu wa nchi za baridi wana usafi wao wa Machi na Aprili, nao una sababu: nyumba imefungwa miezi yote ya baridi, zamani ikijaa masizi ya makaa, na jua ndiyo kwanza linarudi. Wairani nao husafisha nyumba kabla ya Nowruz, mwezi huohuo wa Machi. Kwetu Aprili ni mwezi mbaya kuliko yote. Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua ndani ya mwezi huo peke yake, na Mombasa kilele chake ni Mei. Julai na Agosti, Dar haifikishi hata milimita 40 kwa mwezi. Upepo wa kusi unavuma, hewa ni kavu, jua halichomi sana. Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, katika Julai hiyohiyo, na mimi ningependa mwaka wa usafi wa nyumba ya pwani uhesabiwe kuanzia hapo.

Julai, basi, ndiyo zamu ya vitu vizito. Makochi, mazulia, mapazia mazito, magodoro, mito. Godoro la sponji lisimwagiwe maji hata katika mwezi huu: lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, lisimamishe kwa ubavu upepo upite pande zote mbili, na uligeuze mchana. Jua kali la siku nzima huifanya sponji iwe ya njano na kukatikakatika, kwa hiyo saa chache zinatosha. Mwenye magodoro na mito ya sufi ana kazi kubwa zaidi na malipo makubwa zaidi. Fumua mshono, tandaza sufi juu ya mkeka, ipige kwa fimbo nyembamba mpaka ivimbe, uirudishe jioni kabla ya umande. Foronya na mifuko ya mito ifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60, joto linaloua wadudu wadogo wa vumbi ambao huamsha pumu.

Kuta nazo zingoje Julai, na hapa ndipo watu wengi hukosea utambuzi. Chini ya kuta za nyumba zetu hutokea vitu viwili vinavyofanana kwa mbali. Kimoja ni kuvu. Kingine ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu unaopanda kutoka ardhini, au iliyokuwamo kwenye mchanga wa ujenzi. Dondoshea tone la maji: chumvi itayeyuka, kuvu itabaki. Chumvi isioshwe. Ukiiosha unairudisha ukutani, na msimu ujao itatoka tena ikiwa imebeba vipande vya rangi. Isugue kwa brashi kavu na uizoe.

Kuvu huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni, kisha hupakwa dawa ya klorini, ile ambayo wengi tunaiita jiki bila kujali chupa imeandikwa nini. Sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji yatosha. Maji yawe baridi, maana joto huipunguzia dawa nguvu, na mchanganyiko wa jana usitumike leo. Sabuni hutangulia kwa sababu uchafu huimaliza klorini kabla haijafika kwenye kuvu. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala limau, wala kitu chenye amonia. Gesi inayotoka hushika mapafu, na kila mara anayeivuta ni yule aliyetumwa kusugua choo kidogo kisicho na dirisha. Dada wa kazi aelezwe hili kwa maneno, kabla hajapewa brashi.

Wenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya kale wanahitaji onyo la peke yao. Kuta za matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta ili "zioshike kwa urahisi," unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu nyuma ya rangi inayong'aa. Kwa kuta hizo usafi wa Julai ni kupaka chokaa upya. Chokaa ina ukali wa alkali ambao kuvu haiuwezi, na ikikauka hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka kuwa ngumu kama jiwe. Loanisha ukuta kabla ya kupaka, kwani upepo wa kusi hukausha upesi mno na chokaa iliyokauka kwa pupa hutoka unga. Paka tabaka jembamba, ngoja siku inayofuata, paka tena. Kinga macho, tafadhali. Chokaa ikiingia jichoni ni ajali ya kwenda hospitali.

Septemba na Oktoba kusi inalegea, ni demani. Kazi za ndani zimekwisha, sasa ni za nje. Miezi ya kusi imepuliza chumvi ya bahari juu ya nondo za madirisha, mageti na mabati. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu, hivyo nyumba iliyo karibu na ufuo ifutwe nondo zake kwa maji baridi kabla mvua za vuli hazijaingia. Mifereji ya paa izolewe majani. Kisha tangi la maji.

Tangi lisafishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila msimu wa mvua: mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Februari. Subiri maji yabaki kidogo, fungua, sugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, toa tope, suuza. Kisha jaza na utie dawa. Kwa tangi la lita 1000, lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5 hutoa takriban miligramu 50 za klorini kwa lita, kipimo cha kuua vijidudu. Fungua kila bomba mpaka unuse harufu, funga, acha saa 24, mwaga yote, suuza, ndipo ujaze maji ya kutumia. Yale ya dawa yasinywewe wala yasimwagwe bustanini. Tangi la chini ya ardhi ni jambo jingine kabisa. Hewa ndani yake inaweza kuwa haifai kupumua na hutaigundua kwa pua. Asiingie mtu peke yake, na bora kazi hiyo wapewe wenye vifaa vyake. Na kama unavuna maji ya paa, mvua ya kwanza ya msimu iache ipite. Hiyo inaosha paa lako, pamoja na mavi ya kunguru.

Vuli ikianza utaamka asubuhi ukute mabawa mengi ya kumbikumbi chini ya taa. Usikimbilie fagio. Tazama kwanza wametokea wapi. Kama waliingia dirishani kufuata mwanga, fagia uendelee na shughuli zako. Kama wametoka kwenye ufa wa fremu ya mlango au nyuma ya kabati la ukutani, ni mchwa walio na makao ndani ya nyumba, na hiyo si kazi ya usafi tena.

Krismasi, Mwaka Mpya, kisha kaskazi kavu ya Januari na Februari pamoja na vumbi lake. Huu ni msimu wa fagio la tandabui, wa kufuta mapangaboi (yakiwa yamezimwa, na shuka limetandikwa chini ya kila moja), wa kutoa nyavu za madirisha na kuzisuuza kwa mpira wa maji, wa kuvuta jokofu na kufagia mgongo wake. Vyandarua pia vifuliwe sasa, kabla mbu wa masika hawajaongezeka. Kwa chandarua chenye dawa, mazoea yetu ya ufuaji ni hasara tupu. Tumia maji baridi na sabuni ya mche, kwa mikono, bila kufikicha sana, bila jiki, na ukianike kivulini. Jua huharibu dawa iliyomo kwenye nyuzi. Vyandarua hivi vimekusudiwa kustahimili mifuo kama 20 kwa miaka mitatu, kwa hiyo anayekifua kila mwezi anakimaliza kabla ya miaka miwili.

Masika sasa. Ushauri wangu kwa Machi hadi Mei ni kufanya kidogo. Deki kwa dekio lililokamuliwa vizuri, acha milango ya makabati wazi mchana, sogeza makabati kiganja kimoja kutoka ukutani, fungua madirisha mvua inapokatika. Kama una mtoto mchanga, usitie naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, kwenye nguo zake. Watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika maeneo ya malaria kama pwani yetu, wanaweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu kwa mvuke wake.

Kazi moja ya masika haiahirishwi hata kwa siku chache. Mbu wa dengue, ambaye Dar es Salaam ilimjua vizuri mwaka 2014 na tena 2019, hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yale hukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa maji yakipanda. Kumwaga maji peke yake ni nusu ya kazi. Ndoo, visahani vya maua, trei ya nyuma ya jokofu, mapipa, vyote visuguliwe kuta zake kwa brashi mara moja kwa wiki, kwa kuwa toka yai kuanguliwa hadi mbu kuruka huweza kupita siku saba hadi kumi tu.

Na Idi ikiangukia masika? Fanya usafi wa macho: vioo, taa, vyombo vya kabatini, mapazia mepesi yanayokauka ndani kwa feni, ubani jioni. Kochi lifunikwe vitambaa safi, lingoje Julai.

Msomaji wa bara asiichukue miezi yangu kama ilivyo. Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu, godoro likitolewa nje linarudi na unyevu zaidi kuliko lilivyotoka. Huko vitu vizito vifanywe Januari na Februari. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo kila kitu hukauka mchana mmoja, ila vumbi hurudi kabla ya wiki kwisha. Huko ningetumia sabuni kidogo na fimbo ya kupigia zulia zaidi, nikianza upande wa nyumba ambao upepo unatokea.