Je, mpagani hana Mungu?

Fulani ni mpagani, hana Mungu. Kauli hii husikika kanisani, matangani na hata katika chumba cha walimu, na anayeitoa huwa hana shaka kwamba upagani na Mungu haviwezi kukaa nyumba moja. Je, ni kweli kuwa mtu hawezi kushikilia imani za jadi na papo hapo akamwamini Mungu? Wanatheolojia wameliandikia vitabu swali hili. Mimi nitaliendea kwa mlango wa lugha, maana lugha imehifadhi ushahidi tunaoupita kila siku bila kuuona.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Mpagani ana asili ya Kilatini, paganus, yaani mtu wa kijijini. Wakristo wa Dola ya Roma ndio waliolitumia kwa watu walioendelea na ibada za kale. Katika Kiswahili, neno hili likaja kumaanisha mtu asiye na dini. Jirani yake ni kafiri, la Kiarabu, ambalo mzizi wake una maana ya kufunika, na kwa hiyo kukanusha. Maneno yote mawili ni ya mtu aliye nje akimtazama mwenzake. Hayakutoka kinywani mwa anayeitwa hivyo.

Sasa njoo kwa Mungu, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Waswahili wameishi na Uislamu kwa zaidi ya miaka 1,000. Kutoka Kiarabu walichota dini, ibada, sala, dua, dhambi, sadaka, malaika na shetani. Karibu msamiati wote wa ibada, kwa ufupi. Lakini jina la Mungu la kila siku lilibaki la Kibantu. Mungu, ambaye zamani aliandikwa Muungu, ni ndugu wa Mulungu anayeombwa na wazee wa kaya za Wamijikenda, na Mulungu huyo huyo utamkuta hadi Malawi. Allah na Mola yapo, naam, ila Mwislamu wa Lamu anaposema Mwenyezi Mungu anatumia jina lililotangulia msikiti wa kwanza wa pwani.

Wamisionari nao hawakuja na jina jipya. Biblia ya Kikuyu na ya Kikamba zinasema Ngai, ya Kijaluo inasema Nyasaye, ya Kimaasai inasema Enkai. Enkai, kwa taarifa yako, ni nomino yenye kiambishi cha kike, na pia ina maana ya mvua. Kwa hiyo mhubiri anaposimama kutangaza kwamba wazee wetu hawakumjua Mungu, anamtaja Mungu kwa jina aliloazima kwa wazee hao hao. Marehemu John Mbiti, mwana wa Kitui, aliijenga hoja ya aina hii kwa upana zaidi mwaka 1970, akikusanya majina na sifa za Mungu kutoka jamii zaidi ya 200 za Afrika.

Lakini tusishangilie mapema. Okot p'Bitek wa Uganda aliwacheka wasomi wa mkondo huo. Anasimulia kwamba wamisionari waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi hicho, basi swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga, kama chungu. Wazee wakabaki wameduwaa, kwani binadamu huzaliwa na mama. Walipobanwa, mmoja akakumbuka kwamba wapo watu wanaofinyangwa, wale wanaopindwa uti wa mgongo na joki aitwaye Rubanga. Jina hilo likaandikwa, na hadi leo Waacholi Wakristo wanamwita Mungu Rubanga. Kisa hiki kinauma. Si kila jina lililoandikwa kwenye Biblia lilikuwa na maana tunayoipa leo, na kila lugha inafaa kuchunguzwa kivyake.

Hata hivyo, nionavyo mimi, ugomvi wenyewe hauko kwenye nomino. Uko kwenye kitenzi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, alikataa katakata kusema kwamba watu wake waliabudu wahenga. Alionyesha kuwa lugha yao ilikuwa na kauli mbili: kumsihi Ngai ni gũthaithaya, na kuwamwagia ngoma pombe ni gũitangĩra. Kiswahili nacho kina kuabudu, kuomba, kutambika, kuzuru na kuenzi. Sasa mzee akimwaga tone la pombe kaburini, ametenda kipi kati ya hivyo? Akisema anamwomba babake ampe uhai, Mkristo na Mwislamu wana haki ya kupinga, kwa sababu kwao ombi hilo ni la Mungu peke yake. Akisema anamkumbuka na kumkaribisha mezani, sioni kilichovunjika. Wapo watakaokataa hata hilo, na hiyo ni haki yao. Ila wamsikilize kwanza ametumia kitenzi gani.

Sarufi yetu yenyewe ina maoni, ukitazama vizuri. Mungu akiwa mmoja tunampa upatanisho wa A-WA: Mungu amesema. Wakiwa wengi, mara nyingi tunawatupa U-I pamoja na miti na mito: miungu hii, miungu mingine. Mizimu nayo iko huko huko.

Mambo haya si ya darasani tu. Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine wakiwa hawana kosa ila mvi na umri. Neno upagani linachangia ukungu huo, maana linamfungia mtambikaji, mganga, mpiga ramli na mchawi katika gunia moja. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa miviga katika fasihi simulizi, kisha akitoka darasani anaambiwa miviga ni ushetani. Wagiriama wenyewe hawachanganyi. Kwao muganga ni mtu mmoja na mutsai, yaani mchawi, ni mwingine, na mzee anayeingia kaya kuomba mvua hamwombi mutsai. Anamwomba Mulungu.