Mkenya ughaibuni na bunduki: 'Kumiliki' si sawa na 'kupatikana na'

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na maana yake i wazi: akaaye sana hana budi kushiriki kazi na taabu za mwenyeji. Hata hivyo, wahenga hao hawakusema lolote kuhusu bunduki. Je, mgeni aliyekwisha kukabidhiwa jembe aweza pia kukabidhiwa silaha ya mwenyeji wake? Swali hili ni la zama zetu, na linawahusu Wakenya wengi waishio Marekani, baadhi yao bila wao wenyewe kujua.

Nalileta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka baadhi ya wanafunzi wangu huenda kuendelea na masomo nchini humo, na maswali wanayoniuliza kabla ya kuondoka ni ya baridi, nauli na karo. Hakuna aulizaye kuhusu bunduki. Pili, mimi ni mwalimu wa isimu, si wakili, na naamini kwamba sehemu kubwa ya hatari hii imejificha ndani ya maneno.

Tuanze na neno tunalolizoea. Mkenya akizungumzia sheria za bunduki husema 'kumiliki bunduki'. Kumiliki ni kuwa na mali iliyo yako, uliyoinunua au kuirithi. Kwa hivyo kijana asiyekuwa na bunduki yake hujiona yuko salama. Lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani haikujengwa juu ya umilikaji pekee. Kitenzi chake kikuu cha Kiingereza ni 'possess', ambacho maana yake ni pana zaidi: kuwa na kitu mkononi, mfukoni, garini, au mahali popote unapoweza kukidhibiti. Mwenye mali anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, na wewe uliyeishika kwa dakika 5 ukawa mkosaji.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili cha mahakama zetu kina usemi unaofaa. Kila wiki magazeti huripoti kwamba fulani ameshtakiwa kwa 'kupatikana na bunduki' au 'kupatikana na bangi'. Hakuna hakimu aulizaye risiti ya ununuzi. Lau tungewaonya vijana wetu kwa usemi huu badala ya 'kumiliki', wengi wangeelewa mara moja.

Sasa ni nani hasa aliyekatazwa? Sheria ya Marekani huwagawa wageni katika makundi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile iitwayo kadi ya kijani, anaruhusiwa na serikali kuu kununua na kuwa na bunduki karibu sawa na raia, ingawa majimbo huongeza masharti yao. Aliye nchini kinyume cha sheria amekatazwa kabisa. Kati ya hawa wawili wamo wale walioingia kwa viza za muda: watalii, wanafunzi, na hata wataalamu walioajiriwa kwa viza ya kazi. Hawa nao wamekatazwa, isipokuwa kwa vighairi vichache. Isitoshe, marufuku hayo yanahusu bunduki na risasi pia.

Kundi hili la kati liliongezwa mwaka 1998. Mwaka uliotangulia, mwezi Februari, mgeni aliyekuwa ameingia nchini wiki chache tu zilizopita alitumia bastola aliyoinunua Florida kuwafyatulia watu juu ya jumba la Empire State jijini New York. Alimwua mtu mmoja, akawajeruhi wengine 6, kisha akajiua. Umma uliuliza jinsi mpita njia alivyoweza kununua silaha kwa urahisi hivyo, na Bunge la nchi hiyo likafunga mlango.

Walakini mlango huo uliachwa na upenyo. Mwenye viza ya muda aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa nchini Marekani hahesabiwi miongoni mwa waliokatazwa. Tazama kinaya hicho, ndugu msomaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na vijana wetu wamelelewa wakiamini kwamba mwindaji ni jangili. Kijana huyo huyo akifika Marekani, karatasi inayoweza kumtenga na jela ni ile inayomtaja kuwa mwindaji, hata kama hajawahi kumlenga hata kanga.

Hebu tuchukue mfano. Ndugu wawili wanaishi katika nyumba moja mjini Dallas. Mkubwa alishinda bahati nasibu ya viza, akapata kadi ya kijani, na amenunua bastola kihalali. Mdogo yuko chuoni kwa viza ya mwanafunzi na hana leseni ya uwindaji. Jumamosi moja mkubwa anamchukua mdogo hadi uwanja wa kulenga shabaha, mahali ambapo Wamarekani huenda kama sisi tuendavyo kutazama kandanda. Mdogo anashika bastola, anafyatua risasi kadhaa, anapigwa picha, na picha inatumwa kwa jamaa huku nyumbani wapate kucheka. Hakuna aliyeumizwa wala aliyetishwa. Hata hivyo, mdogo amevunja sheria ya serikali kuu, na picha ile yaweza kuwa ushahidi. Tangu mwaka 2022 adhabu ya kosa hilo imeongezwa kutoka kifungo kisichozidi miaka 10 hadi kisichozidi miaka 15.

Hata wakirudi nyumbani hatari haijaisha. Iwapo bastola inawekwa ndani ya kabati wanalolitumia wote wawili, na mdogo ana ufunguo, kiongozi wa mashtaka anaweza kudai kwamba naye alikuwa na uwezo na nia ya kuidhibiti, na kwamba kisheria 'alikuwa nayo'. Ndugu mkubwa naye asijivune. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba mgeni yeyote aliyepatikana na hatia ya kosa la bunduki anaweza kufukuzwa nchini, na mwenye kadi ya kijani ni mgeni bado. Raia akikosea hulipa faini au hufungwa, kisha hurudi kwake. Mgeni akikosea huenda akamaliza kifungo na kuongozwa hadi kwenye ndege.

Mahakama za huko zimewahi kukumbana na kesi za namna hii. Mwanafunzi mmoja kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu alifukuzwa chuoni kwa sababu ya alama mbaya, akabaki nchini, kisha akaenda kulenga shabaha. Alishtakiwa kwamba alishika bunduki akiwa nchini kinyume cha sheria, akahukumiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Juni 2019 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba haitoshi kuthibitisha kuwa mtu alijua ameshika bunduki. Ni lazima pia kuthibitisha kuwa alijua yumo katika kundi lililokatazwa. Jaji Stephen Breyer ndiye aliyeandika uamuzi huo. Mjadala wote ulihusu kielezi kimoja, 'akijua': kinatawala maneno mangapi katika sentensi? Wanafunzi wangu wanaolalamika kwamba sintaksia haina faida na waitafakari kesi hiyo.

Lipo pia neno 'watu'. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya 'watu' ya kuweka na kubeba silaha. Je, watu ni nani? Wote wenye pumzi, au wananchi peke yao? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki hii ni ya mtu binafsi, lakini ikazungumza mara kwa mara juu ya raia. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa yenye makao New Orleans ilisema aliye nchini kinyume cha sheria hamo katika 'watu' hao. Mwaka 2015 ile ya Chicago ikasema kinyume: aliyeishi huko tangu utotoni na kutia mizizi yumo. Lakini hata mahakama hiyo ya pili iliunga mkono marufuku, na mshtakiwa hakunusurika. Alichopatikana nacho mfukoni ni risasi moja tu.

Wapo watakaosema kwamba sheria hii ni ya ubaguzi. Siafiki moja kwa moja. Huku kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi yeyote haki ya kuwa na bunduki. Raia na mgeni sharti waombe cheti, na wenye mamlaka huamua. Uingereza nayo humtaka kila mtu apate cheti cha polisi na aeleze sababu yake. Katika nchi kama hizi mgeni hatofautiani sana na mwenyeji, kwa kuwa hata mwenyeji hana haki ya kuzaliwa nayo. Marekani ni tofauti kwa sababu imempa mwenyeji haki hiyo, na ukuta kati yake na mgeni hauna budi kuonekana. Ninachokipinga mimi ni ukuta usio na maandishi yanayosomeka. Mgeni aliyezungukwa na maduka ya bunduki hawezi kukisia kwamba kwake yeye kushika tu ni kosa.

Kwa hivyo jukumu ni letu. Vyuo vinavyowaaga wanafunzi, mabalozi wanaowapokea, na makanisa na misikiti inayowakutanisha Wakenya kule Minnesota, Texas na Massachusetts, wote wana nafasi ya kueleza jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka. Maelezo yenyewe ni mafupi: jua viza yako ni ya kundi gani, kama ni ya muda, usishike bunduki wala risasi, hata kwa mzaha, hata kwa picha, mpaka wakili akueleze unasimama wapi, usikae kwenye nyumba ambamo silaha imeachwa wazi, na usidanganye katika fomu ya ununuzi, kwani kujidai raia ni kosa jingine linaloweza kukufungia milango ya nchi hiyo daima.

Mzazi aliyeuza ng'ombe na kipande cha shamba ili mwanawe asome ng'ambo hastahili kumpokea uwanja wa ndege akiwa amefukuzwa kwa ajili ya picha ya Jumamosi moja. Tumweleze mapema, na tumweleze kwa neno lililo sahihi.