Jinsi Bakteria Zinavyopeana Usugu wa Dawa

Mzazi wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, anayempa mtoto mwenye mafua amoksilini iliyobaki nyumbani, hukusudia kuua vijidudu vya mafua. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi havifi kwa antibaiotiki. Zinazokufa ni bakteria za utumboni zisizo na hatia. Zile sugu husalia na kuzaliana.

Usugu huo mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, yaani kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu ya bakteria. Bakteria yenye plasmidi hujiunganisha na jirani yake kwa kinyweleo chembamba, hunakili kiduara hicho na kumpa nakala. Ni kama kuomba kaa la moto kwa jirani: jiko la pili huwaka, la kwanza halizimiki. Wala jirani si lazima awe wa ukoo mmoja. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba Shigella, chanzo cha kuhara damu, na Escherichia coli hupeana usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo.

Hapa Tanzania gharama yake imepimwa. Katika watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 wakiwa na maambukizi ya damu, baadhi walikuwa na bakteria zenye vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Kati ya hao, 71% walifariki. Kwa bakteria za kundi lilelile zisizo na vimeng'enya hivyo, 39%. Baadaye jeni ya kimeng'enya kimojawapo, CTX-M-15, ilikutwa kwenye plasmidi za Klebsiella za watoto wachanga huko Bugando, Mwanza.

Jambo linalosahaulika, hata na wahudumu, ni kwamba plasmidi moja hubeba jeni nyingi pamoja. Kotrimoksazoli isiyohitajika inaweza kuihifadhi plasmidi inayozuia pia seftriaksoni. Mgonjwa asemaye hajawahi kuchomwa sindano hiyo anaweza kuwa mkweli, na bado isimponye.

Bakteria hizi husafiri kwa mikono, maji na vyombo. Mhudumu asiyenawa kati ya kitanda kimoja na kingine huzibeba. Panapowezekana, damu ya kuoteshwa maabara ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Naye mzazi, afikapo duka la dawa muhimu, ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa fedha: je, ugonjwa huu umeletwa na bakteria?